Kigamboni ya Kwenye Ramani

Kabla ya 2008, mtu wa mjini Dar es Salaam akikuambia anakwenda Kigamboni ulijua ni Jumapili na kwapani ana taulo. Siku nyingine za wiki Kigamboni ilikuwa yetu wenyewe: wavuvi wa Mjimwema, wachoma mkaa wa huko ndani kuelekea Kimbiji, mama wauza mihogo wa Feri, na wafanyakazi waliokubali kuamka saa kumi alfajiri ili wawahi pantoni. Ukisimama Feri upande wetu unayaona maghorofa ya Posta na miti ya Ikulu kana kwamba unaweza kuyagusa. Kipande kile kifupi cha maji ndicho kilichoamua bei ya kila kitu kwetu, kuanzia mfuko wa saruji hadi mchumba.

Kwenye pantoni tulibanana wote. Jeneza, bibi harusi, ng'ombe wa Idi, Land Cruiser ya mheshimiwa na mkokoteni wa madafu vilivuka pamoja, na kama injini imegoma, tuligoma nayo. Njia ya nchi kavu ilikuwepo, lakini kuzunguka kwa Kongowe na kutokea Mbagala ilikuwa safari ya kuaga nyumbani. Baba mdogo alikuwa akisema kwamba Mungu alituwekea bahari ili matajiri wasitufikie haraka. Alikuwa akitania. Baadaye nikaona hakuwa mbali sana na ukweli.

Si kwamba pwani hii haikujulikana. Chuo cha Kivukoni kilianza hapa 1961, makada wa nchi nzima wakawa wanavuka maji kuja kusomea siasa kwetu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, ubia wa Tanzania na Waitaliano, kilianza kazi katikati ya miaka ya 1960, na bomba la TAZAMA linalopeleka mafuta hadi Ndola, Zambia, linaanzia hukuhuku. Gezaulole ilikuwa kimojawapo cha vijiji vya mwanzo vya ujamaa karibu na Dar es Salaam. Lakini ukivitazama vyote hivyo, utaona wakubwa walikuja Kigamboni kutafuta nafasi. Mji wenyewe waliuacha ng'ambo.

Mara ya kwanza kuona mji ukipangwa kwa kamba na mawe ya mipaka ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipokuja mradi wa viwanja 20,000. Kibada, Gezaulole na Mwongozo zikapimwa. Barabara zikachongwa katikati ya mikorosho, zimenyooka, zinaelekea mahali ambapo hapakuwa na nyumba hata moja. Tulizicheka barabara zile. Zilitufanya tuone kwamba waliozichora hawakujua watu wanaishi wapi. Naomba msomaji azikumbuke, maana nitarudi kwake nazo.

Halafu ikaja 2008. Februari mwaka ule Rais George Bush alitembelea Tanzania, na muda si mrefu vijiwe vyetu vikawa na hakika kwamba Kigamboni imeuzwa kwa Wamarekani. Kijiwe cha bao pale Mjimwema kilikuwa na mzee aliyejua mpaka bei. Serikali ilipotangaza rasmi mwaka huohuo kwamba kutajengwa Mji Mpya wa Kigamboni, hapakuwa na Bush ndani yake, ila uvumi ulikuwa umeshakaa mahali pake na haukuhama. Kata zilizotajwa zilikuwa Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema, Kibada na sehemu ya Somangila. Eneo lote lilizidi hekta 6,400. Waziri wa Ardhi wakati huo alikuwa John Chiligati, na ndiye aliyekuja kutueleza kwamba tutaishi katika mji wa kisasa ambao Afrika Mashariki haijapata kuuona.

Michoro nayo ikaja. Wataalamu kutoka Korea Kusini walishiriki kuandaa mpango ule, na sitaficha kwamba ulipendeza. Kulikuwa na minara ya vioo, bustani, bandari ya boti za starehe, barabara pana zenye miti katikati. Watu wa kwenye mchoro walitembea wawiliwawili kando ya maji, mikono mitupu. Nilimtafuta kati yao mtu mmoja aliyebeba ndoo, sikumpata. Dada yangu akauliza soko la samaki liko wapi. Hatukuliona nalo.

Pamoja na michoro likaja katazo. Ndani ya eneo la mradi hakuna kujenga, hakuna kuongeza chumba, hakuna kuuza. Tuliambiwa ni kwa miaka 2, mpaka mpango ukamilike na watu wathaminiwe mali zao. Mtu asiyeishi kwetu atasema miaka 2 si mingi. Lakini nyumba zetu za uswahilini hazijengwi kwa mkupuo. Mtu ananunua matofali mwaka huu, anainua msingi mwaka ujao, anapata mkopo wa kikundi anafika renta, anasubiri mazao, ndipo anafikiria bati. Nyumba yenyewe ndiyo benki. Ukimwambia mtu wa namna hiyo asimame, umezuia akiba yake yote.

Baba mdogo alikuwa amefika renta. Bati alikwishanunua, zimeegemezwa ukutani kwenye nyumba ya zamani ya makuti, zimefunikwa turubai. Miaka 2 ikapita, katazo likawa bado lipo midomoni mwa watu na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kulivunja. Zile bati zikashika kutu zikiwa hazijaona msumari. Nyumba ya makuti nayo ikavuja, kwa sababu nani atatoa hela kuezeka upya nyumba itakayobomolewa? Pagala likaota mpapai chumbani, mpapai ukazaa. Tulikula yale mapapai. Shangazi alikuwa akiyaita matunda ya sebuleni.

Kuna wengine waliolichukulia tangazo kwa akili nyingine. Kwa kuwa mthamini huhesabu miti, watu wakaanza kupanda. Sijawahi kuona Kigamboni ikipandwa miti kwa juhudi namna ile: miembe imebanana kama viti vya daladala, michungwa juu ya mchanga mweupe wa pwani usiofaa kitu, minazi iliyopandwa hatua mbili mbili. Miti ile haikuwekwa izae, iliwekwa ihesabiwe. Na wenye mashamba ya kweli, wale wa mikorosho ya babu zao, wakaacha kupalilia. Ukitaka kujua tangazo linaweza kufanya nini kabla tingatinga halijawasha moto, ungekuja Kisota mwaka ule.

Mikutano ilikuwa mingi. Profesa Anna Tibaijuka alipokuwa Waziri wa Ardhi kuanzia mwishoni mwa 2010 mambo yakachangamka zaidi, ikaundwa KDA, wakala wa kuusimamia mji mpya, na maswali yakawa makali zaidi. Mbunge wetu, Dk. Faustine Ndugulile, aliyechaguliwa mwaka huohuo wa 2010 na kufariki Novemba 2024, alilipeleka suala letu bungeni akalirudia bila kuchoka. Swali letu lilikuwa moja: fidia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Tulitaka kujua ni shilingi ngapi, lini, na baada ya hapo tutakwenda wapi. Je, yule anayeondolewa kwenye nyumba ya vyumba vitatu ataweza kununua hata choo kwenye mji ule wa vioo? Wazee walisimama wakiwa na karatasi za mauziano za miaka ya 1970, zimekunjwa mpaka zimekatika kwenye mikunjo, wakitaka zisomwe mbele ya mkutano.

Mpaka leo nasema walikuwa na haki ya kuuliza vile. Ila nikizikumbuka saa zote tulizokaa chini ya miembe ile (ya asili, si ya fidia), kuna jambo moja halikuwahi kujadiliwa na upande wowote. Hakuna aliyeuliza maji ya mvua ya kutoka Kisota yatapitia wapi. Hakuna aliyeuliza watoto wa Vijibweni watachezea wapi, au mvuvi atafikaje ufukweni pindi viwanja vya baharini vikishapata wenyewe. Serikali ilikuja na mji uliokamilika, nasi tukaja na hesabu ya minazi. Mabishano kuhusu nani ataumiliki mji yakameza kabisa swali la mji wenyewe uwe wa namna gani. Hapo ndipo roho inaniuma.

Katikati ya hayo, Januari 2012, nauli ya pantoni ikapandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200. Tukanung'unika. Waziri wa Ujenzi, John Magufuli, akatujibu kwa lugha yake: asiyetaka kulipa apige mbizi, au azunguke kwa Kongowe. Maneno yale yalikaa Kigamboni miaka. Watoto waliyafanyia mchezo pale Feri, mmoja anajifanya mkata tiketi, mwenzake anajirusha majini. Miaka 4 baadaye mtu huyohuyo, sasa akiwa Rais, alikuja kufungua daraja. Ilikuwa Aprili 2016. Daraja lina urefu wa mita 680 na njia sita za magari, linatoka Kurasini hadi Vijibweni, mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF ukiwa umetoa asilimia 60 ya fedha na serikali 40. Akaagiza liitwe Daraja la Nyerere. Tulivuka kwa miguu siku zile kwa ajili ya kuvuka tu, tunafika Kurasini, tunageuka, tunarudi.

Nadhani wapangaji wa mji mpya walilitazamia daraja kama mlango wa kuingilia kwenye ile minara ya vioo. Mlango ukakamilika, nyumba hakuna. Mradi ulikuwa umekwisha kuchoka. Fedha za fidia hazikuonekana, wawekezaji waliotajwa kwenye mikutano hawakuonekana, eneo la mradi likapunguzwa, na katika kipindi cha William Lukuvi kwenye Wizara ya Ardhi serikali ikaachana na mpango ule wa mwanzo na KDA ikavunjwa. Kwetu watu walishangilia. Baba mdogo aliezeka lile pagala lake kwa bati mpya. Za zamani alizungushia banda la kuku.

Wakati mji wa serikali ukififia, mji mwingine ulikuwa umeanza kusimama kusini zaidi, huko Dege. Huo haukuwa wa kwenye karatasi. NSSF iliingia ubia na kampuni ya Azimio Housing Estates kujenga Dege Eco Village, nyumba zaidi ya 7,000 zinazotazama bahari, kwa gharama iliyotajwa kuwa zaidi ya dola milioni 540. Kazi ilianza kwa kishindo. Winchi zilionekana kutoka mbali, malori ya kokoto yalipishana usiku na mchana, vijana wetu walipata vibarua vya nondo na zege, mama lishe wa Mjimwema wakahamia na masufuria yao. Kwa mara ya kwanza neno mradi lilikuwa na mshahara wa Jumamosi ndani yake.

Mwaka 2016 kazi ikasimama. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilihoji thamani iliyopewa ardhi ya mbia, na nyuma ya mahesabu yale kulikuwa na michango ya wafanyakazi wa nchi nzima, mwalimu wa Sumbawanga na muuguzi wa Lindi ambao hawajawahi kuiona Kigamboni kwa macho. Yakabaki mabweta ya zege, ghorofa juu ya ghorofa, bila madirisha, safu kwa safu. Wageni wanaokwenda kuogelea hudhani ni mji uliohamwa. Nami huwaeleza kwamba hakuna aliyewahi kuhamia. Nimekwisha kuwaona watu wakipigia pale picha za harusi. Nilidhani watatafuta bahari, kumbe wameelekeza migongo yao kwenye yale mabweta, mpiga picha akisema yanafaa.

Sasa kuhusu mji tulioupata kweli.

Daraja lilifunguliwa, katazo likaondoka, na madalali wakashuka. Sikumbuki jambo lolote lililokwenda haraka hivyo Kigamboni. Shamba la ekari lilikatwa viwanja vya ishirini kwa ishirini, vya ishirini kwa kumi na tano, mpaka ikafika mahali unauziwa kiwanja na njia ya kuingilia ni uwanja wa jirani kwa hisani yake. Mkataba unaandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili, asilimia ya ofisi, kwisha. Wale waliokuwa wamepanda miti ya fidia waliikata wakauza ardhi yake. Mzee aliyekuwa akisimama mkutanoni na karatasi zake za miaka ya 1970 aliuza naye, akanunua bajaji mbili na kuhamia Chanika. Sina la kumlaumu. Alikuwa amezuiwa muda mrefu kufanya lolote na mali yake, na mtu aliyefungwa mkono akifunguliwa lazima aunyooshe.

Sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya watu 300,000, wilaya kamili iliyojitenga na Temeke, yenye mkuu wake wa wilaya na foleni zake. Zege limefika mpaka Kibada na kupita. Tuna baa, shule za mchepuo wa Kiingereza, maduka ya vigae, makanisa ya mahema, misikiti mipya yenye vipaza sauti vikali kuliko vya zamani. Vijana wa leo hawajui kusubiri pantoni kwa saa tatu, na sitaki wajue. Mtu akiugua usiku anafika Muhimbili bado ana fahamu. Kwa hilo peke yake nalisamehe daraja tozo yake.

Lakini masika yakija, maji yanashuka kutoka juu yakitafuta bonde lililokuwepo nikiwa mtoto, na bondeni yanakuta kuta. Basi yanaingia sebuleni kwa watu waliolipa mamilioni. Gari la zimamoto haliwezi kufika kwenye nusu ya nyumba za mtaa wangu. Ufukwe nao umefungwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka pwani, ila kuna mahali Mjimwema unatembea dakika nyingi kando ya ukuta wa mawe ukiisikia bahari upande wa pili bila kuiona, mpaka upate upenyo, na kwenye upenyo kuna kijana mwenye kitabu cha risiti.

Na Kibada? Zile barabara tulizozicheka, zilizonyooka kuelekea kusiko na nyumba, ndizo leo malori ya maji taka yanapita, ndizo zenye nafasi ya mtaro na nguzo za umeme pembeni. Kiwanja cha Kibada kilichopimwa kinauzwa kwa bei inayokutoa jasho. Jambo la kupima kabla ya kujenga liliwezekana, na liliwezekana kwetu, bila minara wala boti za starehe. Katikati ya ule mji wa vioo uliotaka kutuondoa wote na huu uliotukaribisha wote bila kutuachia njia, palikuwa na nafasi pana ya kitu cha kawaida: kamba, mawe, mtaro, eneo la shule, njia ya kwenda baharini. Hakuna aliyekuja kutupendekezea hicho. Nasi hatukukidai.

Sasa tumefika kwenye urasimishaji. Wapimaji wamekuja na mashine zao za kwenye miguu mitatu, kila kaya inachanga, na mwisho wake tumeahidiwa hati. Sharti ni kwamba kwanza barabara ipatikane. Mtaa wetu una kikao juu ya hilo chini ya mwembe uleule wa mikutano ya zamani, kwa kuwa ndio pekee uliosalia wenye kivuli cha kutosha. Mpimaji alitandika ramani juu ya meza ya mama muuza chapati akaeleza: mita sita, kila upande ujitolee. Kijana mmoja aliyehamia baada ya daraja akauliza kwa uchungu kwa nini watu wa hapa walijenga hovyo namna hii, hawakuwahi kuletewa ramani? Wazee wakaangaliana. Baba mdogo, ambaye sasa anatembea na bakora, akamwambia, "Tuliletewa, mwanangu. Kubwa kuliko hiyo."

Majirani wengi wamekubali kurudi nyuma. Wawili wamekwisha kuvunja vibaraza vyao. Kilichobaki ni ukuta mmoja wa kona, wenye geti la chuma na maua juu, uliokalia njia kwa karibu mita mbili. Mwenyekiti anasema bila ukuta ule hakuna barabara, na bila barabara hakuna hati kwa yeyote. Mwenye ukuta anaishi Mwanza. Simu yake hupokelewa na mkewe, naye kila mara anauliza swali lilelile, fidia ni shilingi ngapi na italipwa lini, na kikao hakina jibu la kumpa.